Sura ya Mia na Kumi na Mbili

Alhamisi, saa tano za usiku, ghala la ngano limenyamaza.
Nje ziwa la Thunder Bay limeganda hadi linalia,
barafu ikipasuka kama mtu anayejivunja vidole.
Nina chupa ya chai, tochi, funguo ishirini na tatu,
na simu yenye ufa pembeni mwa kioo,
pale pale jina la Leland linapopenda kuangukia.

Miaka tisa nawasoma.
Leland mpiga viatu vya farasi, Corwin mwenye shamba la madeni.
Iliwachukua sura thelathini na nne kushikana mikono
nami sikulalamika: mimi ilinichukua miaka arobaini
kulitamka neno lenyewe,
tena ndani ya gari, vioo juu, redio inapiga kelele.

Mwandishi simjui. Anajiita Tarpley, basi.
Huenda ni mama wa watoto watano, huenda ni padri.
Mbwa wao alikufa sura ya sita
akabweka sura ya ishirini.
Macho ya Corwin yalianza kijivu, siku hizi ni ya kahawia.
Nimeyasamehe yote. Nani hajapata kusahau
rangi ya macho ya mtu aliyempenda?
(Yule baharia wa meli ya nafaka, mwaka wa themanini na saba:
sikuyasahau yake. Sikuthubutu kuyatazama.)

Mara moja nilimwandikia. Siku nne, mistari mitatu.
Akajibu: "Asante. Nilidhani nausimulia ukuta."
Nililisoma jibu hilo nikiwa nimesimama, kofia mkononi.

Kisha ikaja sura ya mia na kumi na mbili.
Leland mlangoni, buti zinachuruzika maji,
mkono umeshagusa komeo,
na Corwin kutoka ndani anasema, "Ukiingia safari hii —"

Hapo hapo. Kistari.
Wiki kumi na moja za kistari.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu.
Hao hawakusoma hadithi inayoletwa vipande vipande.
Yupo mvumilivu hula maganda, kisha akalamba kisu.
Nimerudi sura ya kwanza, nasoma polepole,
namwonea huruma mbwa kabla hajaugua.
Ule mstari nimeumalizia mwenyewe kwa kila namna:
Ukiingia safari hii, funga mlango.
Ukiingia safari hii, usivue buti, nisije nikazoea.
Ukiingia safari hii, nitawaambia watu.
Huu wa mwisho nauandika kwa kidole
kwenye vumbi la ngano, dirishani pa chumba cha zamu,
halafu naufuta kwa kiwiko
ingawa hapa hapiti mtu mpaka saa kumi na mbili.

Nyumbani yupo mama, Helmi, miaka themanini na tisa.
Zamani zile aliniuliza nasoma nini kila wiki
hata chakula kinapoa.
"Habari za farasi," nilimwambia.
Si uongo. Farasi wamo.
Hakuuliza tena.

Alfajiri hii nimemkuta jikoni anakoroga uji wa shayiri,
mgongo kanipa, kijiko kinagonga sufuria.
"Umenuna tangu Krismasi."
"Hakijatoka kitu," nikasema, nikifungua kamba za buti.
Akaonja. Akaongeza chumvi.
"Wale farasi wako wawili," akasema bila kugeuka,
"hawajaingia zizini bado?"

Kamba ikanishinda. Nikaitazama kamba.
"Bado, mama. Mmoja yuko mlangoni."
"Na baridi yote hii," akasema. "Si mwenzake amfungulie?"

Nikala uji wote.
Chumvi ilikuwa imezidi.